Kiapo cha Upande Mmoja

Katika historia yako maswali ambayo mwanafunzi huyajibu kwa kukariri, na yako mengine ambayo hata mwalimu aliyeyafundisha miaka thelathini na zaidi huyazunguka tu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani. Kwangu mimi swali la mikataba ni la aina hii ya pili. Watu wawili wamekutana, wamekubaliana, wameagana. Kila mmoja amerudi kwao akiwa na maneno yale yale mdomoni, lakini na maana yake mwenyewe moyoni. Miaka mia tatu baadaye vitukuu vyao vinauana, na kila upande umeushika mkataba ule ule.

Ndiyo sababu nimeamua kuandika juu ya Bohdan Khmelnytsky, kiongozi wa Wakosaki wa Ukraine aliyefariki mwaka 1657. Jina lake ni gumu kwa ulimi wetu, lakini msomaji asikate tamaa. Hata watu wa zama zake walilifupisha, wakamwita Khmel.

Ukraine ya wakati wake haikuwa dola. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa chini ya ufalme wa Poland na Lithuania. Ardhi ilikuwa mali ya makabaila, wengi wao Wakatoliki, na wakulima, ambao wengi wao walikuwa wa imani ya Orthodoksi, waliwafanyia kazi kama watwana. Lakini kusini, mahali mto Dnieper ulipokuwa ukipita katika maporomoko, ilianza nyika pana ambayo hakuna mfalme aliyeitawala sawasawa. Huko walikimbilia watwana waliotoroka, watu wenye kesi, maskini wasio na cha kupoteza, na wale ambao walipenda vita kuliko jembe. Hao ndio Wakosaki, neno lililotoka katika lugha za Kituruki kwa maana ya mtu huru asiye na bwana. Walijenga ngome visiwani, wakaiita Sich. Mkuu wao aliitwa hetmani, na alama ya cheo chake ilikuwa rungu. Walimchagua uwanjani kwa kupaza sauti, na siku wakichoka naye walimwondoa kwa sauti zile zile.

Serikali ya Poland iliwahitaji na iliwaogopa. Iliwahitaji kuwazuia Watatari wa Krimea, ambao kila mwaka walikuja kuteka watu na kwenda kuwauza katika masoko ya Waosmani. Iliwaogopa kwa sababu mtwana akimwona mwenzake anatembea na upanga kiunoni, jembe humwia zito. Basi likawekwa daftari. Mkosaki aliyeandikwa katika daftari alikuwa askari wa mfalme, mwenye mshahara na haki zake. Asiyeandikwa alihesabiwa kuwa mtwana aliyetoroka. Mwaka 1638, baada ya maasi kuzimwa, daftari lilipunguzwa hadi majina 6,000 tu. Ninaomba msomaji alikumbuke daftari hili. Vita vyote vilivyofuata vinaweza kusomwa kama ugomvi juu ya nani aandikwe na nani afutwe.

Khmelnytsky alikuwa mmoja wa walioandikwa. Alizaliwa yapata mwaka 1595, mtoto wa mtumishi wa makabaila aliyepata shamba huko Subotiv, karibu na mji wa Chyhyryn. Alisomeshwa na mapadre Wajesuiti, akajua Kilatini na Kipoland. Mwaka 1620 baba yake aliuawa katika vita na Waturuki, na yeye akachukuliwa mateka, akakaa kifungoni miaka miwili. Huko alijifunza Kituruki, elimu ambayo hakuna chuo cha Poland kingempa, na ambayo baadaye ilimfaa kuliko Kilatini chake. Akarudi, akaoa, akalima, akafuga nyuki, akawa ofisa wa Wakosaki wa daftari. Hadi kufikia umri wa miaka hamsini na kitu hakuna aliyemdhania kuwa mwasi.

Kilichomgeuza ni dhuluma ya jirani. Mwaka 1647 ofisa mmoja wa Kipoland wa Chyhyryn, Daniel Czapliński, alivamia shamba la Subotiv, akalitwaa, akamchukua na mwanamke aliyekuwa akiishi na Khmelnytsky baada ya kufiwa na mkewe. Mwanawe mdogo alipigwa vibaya. Masimulizi yanasema mtoto yule alikufa. Khmelnytsky alikwenda mahakamani, asipate kitu. Alikwenda hadi kwa Mfalme Władysław IV, asipate kitu. Mwishoni mwa mwaka huo alikimbilia Sich, na mwezi wa Januari 1648 akachaguliwa kuwa hetmani.

Wako waandishi wanaolidharau jambo hili, wakisema kwamba alianzisha vita vikubwa kwa ajili ya shamba na mwanamke. Mimi silidharau hata kidogo. Mtu aliyesoma, mwenye cheo, anayezijua lugha za wakubwa, amebisha kila mlango wa sheria na kila mlango umefungwa. Kama huyo hakupata haki, mkulima wa kijijini angeipata wapi? Mwezi wa Februari 1649 wajumbe wa Poland walipomfuata kutafuta amani, aliwaambia kwamba kwanza alikuwa akipigania dhuluma zake mwenyewe, na kwamba sasa angepigania imani ya Orthodoksi na watu wake wote. Safari ya kutoka kwenye sentensi ya kwanza hadi ya pili ilimchukua muda wa mwaka mmoja.

Katika mwaka huo yalitokea mambo ambayo Poland haijayasahau hadi leo. Khmelnytsky alifanya urafiki na khan wa Krimea, adui wa jana, akapata askari wapanda farasi wa Kitatari. Mwezi wa Mei 1648 alilivunja jeshi la Poland huko Zhovti Vody, na siku chache baadaye huko Korsun, ambako majemadari wote wawili wakuu wa Poland walitekwa. Mfalme naye alifariki mwezi huo huo. Mwezi wa Septemba jeshi jingine lilitawanyika huko Pyliavtsi. Wakati wa Krismasi hetmani aliingia Kyiv (sisi wazee tulizoea kuandika Kiev) na kupokewa na wakuu wa kanisa, akiwamo Patriaki wa Jerusalem aliyekuwa safarini. Wanafunzi walimfananisha na Musa aliyewatoa watu wake utumwani.

Lakini kitabu cha historia kinachoishia hapo hakifai kuingia darasani.

Katika mashamba yale ya makabaila walikuwapo Wayahudi wengi. Kabaila aliishi mbali, Warszawa au Kraków. Milki yake aliikodisha, na mara nyingi mkodishaji alikuwa Myahudi, ambaye alisimamia kinu, kilabu cha pombe na ushuru wa daraja. Kabaila alipata fedha zake bila kuonekana, na mkulima aliuona uso wa Myahudi tu. Vita vilipofumuka hasira ya miaka mingi iliangukia uso ule uliokuwa karibu. Mwezi wa Juni 1648 Wayahudi wa mji wa Nemyriv walichinjwa, wanaume, wanawake na watoto. Tulchyn ukafuata, na miji mingine baada yake. Wengine walilazimishwa kubatizwa. Wengine walikimbilia kwa Watatari kwa hiari yao, maana Mtatari angemuuza mtu badala ya kumuua, na mtu aliyeuzwa aliweza kukombolewa. Jumuiya za Kiyahudi za Istanbul na hata za Ulaya ya magharibi zilichanga fedha kuwakomboa. Hebu tufikirie ni hali gani inayomfanya mtu akimbilie kwa mfanyabiashara ya watumwa kama kimbilio la salama.

Mmoja wa walionusurika, Nathan Hannover, aliandika yaliyotokea katika kitabu cha Kiebrania kilichochapwa Venice mwaka 1653, wakati Khmelnytsky angali hai na vita havijaisha. Maandishi ya zamani yalitaja waliokufa kuwa mamia ya maelfu. Wataalamu wa siku hizi, waliochunguza idadi ya watu wa wakati ule, wanakadiria kuwa Wayahudi wa Ukraine walikuwa kama 40,000, na kwamba waliouawa ni kati ya 18,000 na 20,000. Wako wanaoisoma hesabu hii mpya kama nafuu. Karibu nusu ya jamii nzima si nafuu. Katika kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya ya mashariki jina la Khmel lilibaki jina la laana, na siku maalumu ya kufunga iliwekwa kwa ajili ya wafu wale.

Hetmani hakuwapo Nemyriv. Waliofanya ni makamanda wake na makundi ya wakulima waliojiunga nao. Nimesoma watetezi wake wakilikariri jambo hilo mara nyingi. Nami husema hivi: mkuu wa shule hayupo katika kila darasa, lakini shule ni yake. Na ni kweli pia kwamba upande wa pili haukuwa na mikono safi. Jeremi Vyshnevetsky, mwana wa ukoo uliokuwa wa Orthodoksi kabla yeye hajahamia Ukatoliki, aliwatundika watu hai juu ya miti iliyochongwa. Damu ile haiifuti hii.

Wakulima nao walipata nini? Mwaka 1649 hetmani alifanya mkataba na Poland huko Zboriv. Daftari likapandishwa hadi majina 40,000, na majimbo matatu ya Kyiv, Bratslav na Chernihiv yakawa mikononi mwa Wakosaki. Ni ushindi mkubwa, lakini waliopigana walikuwa wengi zaidi ya 40,000 mara nyingi. Walioachwa nje ya daftari walitakiwa kurudi kwa makabaila wao. Tena Watatari, marafiki wa hetmani, walipokwenda kwao walizoa vijiji vya Waukraine njiani kama ujira wa kazi yao. Nyimbo za wapiga kobza, vipofu waliozunguka vijijini na ala zao, zimehifadhi ushujaa wa Khmelnytsky. Lakini ziko pia nyimbo za watu wa kawaida zinazomlaani kwa ajili ya wale waliofungwa kamba na kupelekwa Krimea. Ziliimbwa katika nchi moja na kwa lugha moja.

Urafiki na khan ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Mwaka 1651, katika vita vya siku tatu vya Berestechko, khan alitoroka uwanjani, akamchukua na hetmani pamoja naye, na jeshi la Wakosaki likavunjwa. Mkataba uliofuata ulilirudisha daftari hadi majina 20,000. Hetmani aliinuka tena mwaka uliofuata, akashinda huko Batih, lakini nchi ilikuwa imechoka, na kila mara vita vilipokaribia kuisha kwa ushindi, khan alifanya suluhu yake ya pembeni na mfalme wa Poland. Alihitaji mlinzi mwingine. Alikwisha kujaribu kwa Sultani wa Waosmani. Sasa alimgeukia Tsar Aleksei wa Moscow, mwenzake katika imani.

Sasa tumefika Pereiaslav.

Tarehe 8 Januari 1654 kwa kalenda ya zamani, yaani tarehe 18 kwa kalenda yetu, hetmani aliwakusanya watu katika mji huo mdogo. Karibu yote tunayoyajua juu ya siku ile yametoka katika ripoti ya mjumbe wa Tsar, Vasily Buturlin, na mwanafunzi yeyote wa historia aanze kwa kuuliza ripoti imeandikwa na nani na imeandikiwa nani. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, hetmani aliwaambia watu kwamba mbele yao wako watawala wanne: Sultani, khan, mfalme wa Poland na Tsar. Wachague. Wakapaza sauti kumchagua Tsar wa Orthodoksi.

Kisha wakaenda kanisani kula kiapo. Hapo hetmani akamwomba mjumbe jambo moja: naye aape kwa niaba ya Tsar kwamba hatawarudisha kwa Poland, na kwamba haki zao hazitavunjwa. Buturlin akakataa. Tsar, alisema, hawaapii raia wake. Hetmani na makanali wake wakatoka kanisani kwenda kushauriana, mjumbe akabaki akingoja. Wakatuma watu kumweleza kwamba wafalme wa Poland huwaapia raia wao kila mara. Mjumbe akajibu kuwa wafalme wale si wa imani ya kweli, wala si watawala kamili, na kiapo chao hakina thamani. Neno la Tsar halibadiliki, linatosha.

Mwishowe wakarudi kanisani, wakaapa peke yao.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara husimama pale walipokuwa nje ya kanisa, katika baridi ya Januari, wakishauriana. Kwa Wakosaki, waliolelewa katika sheria za Poland, mkataba ulikuwa na pande mbili: sisi tunakutumikia, wewe unatulinda, ukivunja la kwako, nasi tumefunguliwa. Kwa Moscow jambo kama hilo halikuwapo. Palikuwa na mtawala na waliomwangukia miguuni, na alichowapa kilikuwa hisani. Waswahili tunasema ahadi ni deni. Lakini deni linahitaji mdaiwa aliyekiri, na mle kanisani aliyekiri alikuwa mmoja.

Wapo waliokataa kabisa. Makasisi wakuu wa Kyiv walisitasita na kupinga, na kanali mashuhuri Ivan Bohun hakuapa. Wengine, zaidi ya watu 120,000 kwa hesabu za Moscow, waliapishwa mji kwa mji katika majuma yaliyofuata.

Mwezi wa Machi wajumbe wa Wakosaki walikwenda Moscow na orodha ya vifungu 23. Walirudi na vifungu 11. Kwa sura havikuwa vibaya: Wakosaki 60,000 katika daftari, hetmani achaguliwe na watu wake, mahakama zao ziwe zao, ila hetmani asiwasiliane na Poland wala Waosmani bila ruhusa. Hati zenyewe za asili hazikubaki. Tulizonazo ni nakala na rasimu za ofisi za Tsar. Miaka mitano baadaye, mwaka 1659, hetmani akiwa amekwisha kufa, mwanawe kijana Yurii aliitwa Pereiaslav hiyo hiyo, akawekewa mezani vifungu alivyoambiwa kuwa ni vya baba yake. Vilikuwa vimebadilishwa. Majemadari wa Moscow sasa waliruhusiwa kukaa katika miji ya Wakosaki, na hetmani hakuweza tena kwenda vitani wala kuwafukuza makanali kwa amri yake. Kijana alitia sahihi akiwa amezungukwa na askari.

Je, Khmelnytsky aliiuza nchi yake, kama walivyosema baadhi ya Waukraine? Au aliiunganisha na ndugu zake, kama walivyosema Warusi? Kwa maoni yangu hakufanya hili wala lile. Mtazame alichofanya baada ya kuapa. Mwaka 1656 Moscow ilifanya suluhu na Poland mjini Vilnius, na wajumbe wa Wakosaki hawakuruhusiwa kuingia katika hema la mazungumzo yaliyohusu nchi yao wenyewe. Hetmani alipopata habari hakukaa akalia. Aliendelea na mazungumzo yake na mfalme wa Sweden na mtawala wa Transylvania, na mwaka 1657 akawapelekea askari wa kuishambulia Poland, wakati Tsar alikuwa na suluhu nayo. Huyo si mtu aliyejiona mtumwa wa Tsar. Ni mtu aliyedhani ameshika kamba ambayo anaweza kuiachia. Alikufa Chyhyryn mwezi wa Agosti mwaka huo, kabla hajaiachia, akazikwa katika kanisa la mawe alilolijenga Subotiv, kwenye shamba lile lile lililoporwa.

Yaliyofuata Waukraine wenyewe wanayaita Maangamizi. Mwaka 1667 Moscow na Poland waliigawana nchi katikati kwa mto Dnieper. Cheo cha hetmani kilifutwa mwaka 1764, Sich ikabomolewa na majeshi ya Catherine wa Pili mwaka 1775, na mwaka 1783 wakulima wa upande wa kushoto wa mto walifungwa katika utwana kwa amri yake. Kile walichokikimbia kwa mabwana wa Poland wakawa wamerudishiwa na mabwana wa Urusi.

Mtu wa kwanza kumshitaki hetmani kwa sauti kubwa alikuwa mshairi. Taras Shevchenko alizaliwa mtwana mwaka 1814, uhuru wake ukanunuliwa kwa fedha mwaka 1838. Alijua utwana kwa mgongo wake. Mwaka 1845 alifika Subotiv, akalichora kanisa lile, na mwaka huo huo akaandika mashairi makali ambamo Bohdan analaumiwa kwa kuiingiza Ukraine mkononi mwa Moscow. Miaka miwili baadaye alikamatwa, akapelekwa uhamishoni kama askari, na Tsar akapiga marufuku asiandike wala asichore. Kwa Waukraine, Shevchenko ni baba wa fasihi na Khmelnytsky ni baba wa dola, na baba mmoja amemlaani mwenzake. Sijui taifa jingine lenye urithi wa namna hiyo.

Serikali ya Urusi nayo ilimtaka hetmani, ila wake mwenyewe. Mwaka 1888 sanamu yake juu ya farasi ilizinduliwa Kyiv, mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Sofia. Mchongaji wake, Mikeshin, alikuwa ameichora na maadui chini ya kwato: kabaila wa Poland, Mjesuiti na Myahudi. Wakubwa waliliondoa kundi hilo, ikabaki farasi na mpanda farasi, na maandishi yaliyoitaja Urusi kuwa moja isiyogawanyika. Hapana shaka maandishi hayo yalikuwa jambo ambalo yeye hakuliapia kamwe.

Kisha wakaja Wasovieti. Mwaka 1943, vita vilipokuwa vikali na Stalin akihitaji mioyo ya Waukraine, ilianzishwa nishani ya kijeshi kwa jina la Bohdan Khmelnytsky, na mji wa Pereiaslav ukaongezewa jina lake. Mwaka 1954, miaka mia tatu ya kiapo, sherehe zilifanyika nchi nzima. Chama kiliamuru kwamba kilichotokea kiitwe kuungana tena, na baada ya hapo hakuna mwanahistoria wa Kisovieti aliyeweza kukiita vinginevyo katika maandishi. Mji wa Proskuriv ukapewa jina la Khmelnytskyi. Mwezi wa Februari mwaka huo huo Krimea ilihamishwa kutoka jamhuri ya Urusi kwenda jamhuri ya Ukraine. Tamko lenyewe lilitaja uchumi na ujirani, lakini watu wengi wameikumbuka kama zawadi ya sherehe zile.

Mwenzangu mmoja, mkufunzi wa hisabati, alisoma Kyiv katika miaka ya 1980. Aliporudi alituletea kadi ya posta yenye picha ya yule mpanda farasi, tukaibandika katika chumba cha walimu. Tulipomwuliza ni nani, alisema: ndiye aliyewaunganisha Warusi na Waukraine. Ndivyo walivyoambiwa. Na sisi wote, wasomi wazima, tulikuwa tukisema fulani yuko Urusi anasoma, kumbe yuko Kyiv. Lugha yetu ya kila siku ilikuwa imekwisha kukipokea kiapo kwa tafsiri ya upande mmoja, nasi tuko maelfu ya kilomita mbali.

Wapoland walimtunza kwa namna yao. Riwaya ya Henryk Sienkiewicz ya mwaka 1884 juu ya vita hivyo ilisomwa na vizazi na vizazi, na humo Wakosaki si watu wa kupendeza. Lakini ilipofanywa filamu mwaka 1999, mwongozaji wa Kipoland alimchagua mwigizaji wa Ukraine, Bohdan Stupka, kumwigiza hetmani, naye akampa hadhi ambayo kitabu hakikuwa nayo. Nimelipenda jambo hili kuliko hotuba nyingi za upatanisho.

Ukraine ilipojitawala mwaka 1991 ilibidi iamue imfanye nini mzee huyu. Haikumtupa. Ilianzisha nishani yake yenyewe kwa jina lake mwaka 1995, na sura yake ikawekwa katika noti ya hrivnia 5. Mji wa Khmelnytskyi haukubadilishwa jina, lakini mwaka 2019 mji wa Pereiaslav uliivua ile nyongeza ya mwaka 1943.

Mwezi wa Julai 2021 Rais wa Urusi, Vladimir Putin, alichapisha makala ndefu juu ya umoja wa Warusi na Waukraine, na miongoni mwa ushahidi wake alitaja barua ya Khmelnytsky kwa Tsar ya mwaka 1654. Krimea ilikuwa imekwisha kutwaliwa mwaka 2014. Miezi saba baada ya makala ile, tarehe 24 Februari 2022, majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine kutoka pande tatu. Sisemi kwamba vita vililetwa na barua ya kale. Vita vina sababu zake za leo. Lakini mtu akitaka kuuvamia mlango wa jirani, hupenda kwanza kuonyesha hati.

Kyiv palikuwa na tao kubwa lililojengwa mwaka 1982 kwa heshima ya urafiki wa mataifa hayo mawili. Chini yake palikuwa na sanamu ya wafanyakazi wawili, Mrusi na Muukraine, na pembeni kundi la watu wa mawe, Khmelnytsky na Buturlin miongoni mwao, wakiwa katika baraza la Pereiaslav. Wafanyakazi wale walishushwa mwezi wa Aprili 2022. Watu wa mawe walianza kuondolewa mwishoni mwa Aprili 2024. Tao lenyewe liliachwa na kupewa jina jipya. Yule mpanda farasi wa mwaka 1888 hakuguswa. Waukraine wamemtenga hetmani na mjumbe: yule aliyeapa wamembakiza, yule aliyekataa kuapa wamemwondoa. Ningekuwa bado nafundisha, ningewaomba wanachuo waniandikie kurasa nne juu ya uamuzi huo, na ningempa maksi nyingi yule ambaye angekumbuka, bila kuulizwa, kuwaweka watu wa Nemyriv katika ukurasa mmojawapo.

Mwaka 2019 Benki ya Taifa ya Ukraine ilitoa sarafu ya hrivnia 5, nayo ina sura ya Khmelnytsky kama noti iliyoitangulia. Nyuma ya noti ile palikuwa na picha ya kanisa la Subotiv. Kanisa lenyewe lipo, jeupe, zito, limejengwa kama ngome. Kaburi la hetmani limo ndani yake, lakini mifupa haimo. Inasemekana jemadari wa Kipoland, Stefan Czarniecki, alipopita huko mwaka 1664, aliifukua na kuitupa nje.